Wimbo wa chumbani: dalili unazosikia, sababu zake, na namna ya kumwambia mwenyewe

Hapa Lubumbashi nyimbo nyingi za vijana huzaliwa usiku. Umeme ukirudi saa tano, nyumba ikishatulia, mtu anafunga mlango wa chumba, anasimamisha godoro ukutani, anaimba nusu sauti ili asimwamshe baba. Asubuhi unafungua simu unakuta ujumbe wa mtu anayekuita yaya, yaani kaka au dada yake mkubwa: "Yaya, sikiliza hii, uniambie kama iko muzuri."

Majibu anayopata ni ya aina mbili. Wapo wanaomvika kilemba cha ukoka: "moto sana, endelea hivyo hivyo." Wapo wanaosema: "bado, miksi mbaya." Anayesema miksi (mchanganyo wa sauti na ala) mbaya anaweza kuwa na haki, lakini amefanya kama daktari anayemwambia mgonjwa "unaumwa" kisha akamfungulia mlango aende. Mgonjwa alijua anaumwa, ndiyo maana alikuja. Maoni yanayojenga hufuata dalili mpaka kwenye sababu yake, halafu humpa mwenye wimbo kitu kimoja anachoweza kukifanya usiku wa leo, chumbani kwake, kwa vifaa alivyo navyo. Nimekuwa nikisikiliza nyimbo za vijana wa Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa mjini, kwa miaka kadhaa sasa, na mpangilio ulio hapa chini ndio ninaoufuata kila wimbo unaponifikia.

Kabla ya kuukagua wimbo, kagua unavyosikiliza

Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati, nilisikiliza wimbo wa kijana mmoja kwa spika ya simu. Nikamwandikia kwamba wimbo hauna besi kabisa, auongeze. Aliongeza, akaongeza tena. Siku alipokuja na kompyuta yake tukasikiliza kwa kaske (spika za kuvaa masikioni), besi ilikuwa imejaa mpaka sauti yake haionekani. Wimbo wa kwanza ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyemharibia, na alikuwa ametumia usiku mitatu kwa ajili ya neno langu.

Sababu ni rahisi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini. Mdundo mzito wa hezi 50 au 60 (mitetemo kwa sekunde) hautoki humo hata kama umo kwenye faili. Kwa hiyo kama umesikiliza kwa simu, besi usiizungumzie. Zungumzia maneno, tuni, mpangilio wa wimbo, hivyo simu inatosha.

Uliza pia wimbo ulifikaje kwako. Kuna wanaoupiga kwenye laptopu kisha wanaurekodi tena kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unachopokea hapo ni chumba, spika na mbano wa programu, wimbo wenyewe umebaki kule. Mwombe atume faili kama hati, ifike jinsi ilivyotoka.

Na usikilize mara mbili kabla ya kuandika neno lolote. Mara ya kwanza bila kukatiza, kama msikilizaji wa kawaida. Mara ya pili na kalamu, ukiandika dakika na sekunde za kila mahali ambapo sikio lako lilishtuka au liliondoka. "Pale 1:12 sikusikia neno la mwisho" ni maoni. "Kuna mahali sauti si nzuri" itamfanya apige ramli usiku kucha.

Dalili: sauti iko kama bafuni

Hii ni dalili ya nyumba zetu. Kuta za matofali, sakafu ya saruji, dari tupu, vitu vichache ndani. Sauti inagonga ukuta mmoja, inarudi, inagonga mwingine. Lakini kabla hujasema "chumba kina mwangwi", tenganisha: je, mwangwi uko kila mahali au kwenye kiitikio tu? Ukiwa kwenye kiitikio tu, huenda ameuweka mwenyewe kwa programu, na ni uamuzi wake wa kisanii. Ukiwa hata kwenye neno fupi la kwanza kabisa, kabla biti haijaingia, ni chumba.

Kipimo: mwambie asimame pale anapoimbia, apige kofi moja kali. Akisikia mlio unaobaki hewani kama chuma, mkosaji amepatikana. Dawa si kununua kitu. Mikro (maikrofoni) aiweke ili mgongo wa mwimbaji uelekee kabati la nguo lililofunguliwa au mablanketi yaliyotundikwa, kwa sababu mikro nyingi husikia zaidi upande wa mbele, na upande huo ndio ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Kitenge kimoja kilichotundikwa hakitoshi, kitambaa chepesi hunyonya sauti za juu tu na kuacha ile ngurumo ya chini. Blanketi zito, godoro, hivyo vinafanya kazi.

Mwambie pia asogee. Akiimba akiwa mita moja, mikro inasikia chumba kuliko inavyomsikia yeye. Sentimita 15 hadi 20 ni umbali mzuri wa kuanzia. Akisogea sana, herufi p na b zitaanza kupuliza, na sauti itakuwa nzito kuliko ilivyo; basi aiweke mikro pembeni kidogo ya mdomo, au avutie soksi nyembamba ya kike kwenye waya wa duara mbele yake.

Dalili: biti inammeza mwimbaji

Hii ndiyo dalili ninayoipata kuliko zote, na ndiyo inayohitaji moyo zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Punguza sauti ya kifaa chako mpaka karibu na kimya. Kinachobaki ni nini? Kikibaki kitita cha ngoma peke yake, mwimbaji yuko chini kweli. Kikibaki sauti ya mtu lakini baadhi ya maneno yanatumbukia, tatizo ni kwamba anaimba neno hili kwa nguvu na lile kwa pumzi, na si kwamba yuko chini.

Kama yuko chini, sababu ya kwanza ya kutafuta ni biti yenyewe. Vijana wengi hupakua biti iliyokamilika, iliyokwisha kubanwa na kupandishwa mpaka juu kabisa, halafu wanajaribu kuweka sauti juu ya kitu ambacho hakina nafasi. Wanapandisha sauti, yote inagonga dari, inaanza kupasuka. Maoni yako hapa yawe mafupi: "Usiguse sauti yako. Shusha biti desibeli 4, sikiliza tena." Wengi hushangaa jinsi sentensi hiyo inavyofungua wimbo.

Lakini kuna sababu ya pili, na hii huioni kwenye programu yoyote. Binti mmoja wa Katuba, mwimbaji wa kwaya, aliniletea wimbo ambao sauti yake ilikuwa chini hata baada ya kushusha biti. Nilimwomba anifungulie mradi wake wa wimbo kwenye programu. Alikuwa na nafasi tele. Mkono wake mwenyewe ndio ulioivuta sauti chini.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ulipojisikia peke yako, bila biti, ilikuwaje?"

"Nilisikia haya, yaya. Ile si sauti yangu."

Hapo maoni kuhusu desibeli hayana kazi. Nilimweleza kwamba tunapozungumza tunajisikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza sauti za chini. Mikro inachukua ile ya hewa tu. Kwa hiyo kila mtu duniani akijisikia kwenye rekodi huona ni nyembamba, ni ya mtu mwingine, ilhali mama yake na jirani yake wamekuwa wakimsikia hivyo hivyo miaka yote. Nikamwomba afunge macho, nikapiga ubeti wake wa pili bila ala yoyote. Kwenye neno "barabara" alikuwa ameishusha sauti taratibu kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Nikarudisha hapo mara tatu. Mara ya tatu alifungua macho, akanyoosha mkono mwenyewe, akapandisha sauti.

Ungeandika "vocal iko chini, pandisha", angepandisha kidogo kwa utii na kesho angeishusha tena. Ndiyo maana kwa dalili hii nauliza kwanza kabla ya kuagiza.

Dalili: sauti inachelewa nyuma ya mdundo

Usikimbilie kumwambia hajui taimu. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

Kama kuchelewa ni kule kule tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, aliimba vizuri, kifaa ndicho kilichomchelewesha. Muulize alivaa nini masikioni. Kaske za Bluetooth humfikishia mdundo ukiwa umechelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, naye anaufuata kwa uaminifu. Dawa: kaske za waya, na ile sauti aliyokwisha kurekodi aisogeze kuelekea mwanzo wa wimbo mpaka iketi kwenye mdundo. Hana haja ya kuimba upya.

Kama anaanza sawa halafu anazidi kuachwa, chunguza kama alirekodi sauti kwa simu huku biti ikichezwa na kifaa kingine. Saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na kwa wimbo wa dakika nne tofauti inaweza kusikika. Kuna pia ajabu moja ya namba: faili iliyorekodiwa kwa vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde ikisomwa kama 44,100, inakwenda polepole kwa takriban asilimia 8 na inashuka karibu toni moja isiyotimia. Ukisikia sauti imekuwa nzito, yenye usingizi, na mwenyewe anaapa hakuimba hivyo, mwamini, mwambie aangalie namba hizo kwenye mipangilio.

Kama anachelewa hapa na anawahi pale, basi ni mazoezi. Na hata hapo, tazama kwanza idadi ya silabi. Mara nyingi mstari una maneno mengi kuliko nafasi yake. Kata neno moja, taimu inapona.

Dalili: inavuma, inakwaruza, inapasuka

Hizi ni za ufundi tu, nitazipita haraka. Mvumo wa chini usiokoma hutoka kwenye umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo husikika hapo na kwenye 100. Achomoe chaja, arekodi laptopu ikitumia betri. Mvumo ukiisha, ilikuwa chaja. Ukipanda na kushuka, uliza kama jirani aliwasha jenereta.

Kupasuka kwenye maneno ya nguvu tu kunatokana na kurekodi juu mno. Sauti ikishagonga sifuri ya kidijitali (kikomo cha juu cha rekodi) kilele chake kimekatwa, na hakuna programu inayokirudisha vizuri. Mwambie arekodi upya vilele vikikaa kati ya desibeli -12 na -6. Hapa kweli lazima aimbe tena, mwambie wazi.

Mvua kwenye mabati na maombi ya usiku ya kanisa la jirani havitoki kwenye rekodi. Abadilishe saa.

Dalili: tuni

Nenda taratibu hapa, maana neno "unaimba vibaya" hubaki mwilini mwa mtu.

Ukisikia sauti inarukaruka kama mashine, tena mahali ambapo mtu hakukosea, amekosea kuchagua ufunguo (ngazi ya noti za wimbo) kwenye programu ya kurekebisha tuni. Biti iko la minori, yeye ameandika la majori: kila anapoimba do, fa au sol, programu inaivuta nusu toni juu au chini, kwa nguvu, mbali na ala. Ameimba sawa na mashine imemkosoa. Sentensi moja inatosha, na utamwona anapumua.

Ukisikia kiitikio kinakaza koo, noti za juu zinafika lakini zinalia, wimbo umewekwa mahali pasipo pake. Biti ya kupakua haikutengenezwa kwa koo lake. Mwombe aimbe kiitikio bila biti, akifua au akitembea, ajirekodi kwa simu. Pale koo lilipochagua lenyewe ndipo nyumbani kwake. Ashushe biti toni moja au moja na nusu kufika hapo.

Kama amekosa noti moja au mbili tu, taja sekunde na ukae kimya kuhusu nyingine. Na kama kukosa huko kunabeba kilio cha neno lenyewe, liache. Mimi huliacha.

Dalili: maneno hayaeleweki

Mwombe akuandikie maneno, uyasome kwa sauti. Ukiyaelewa ukisoma lakini hukuyaelewa ukisikiliza, sababu ni ya sauti: mwangwi, biti, au anameza herufi za mwisho. Usipoyaelewa hata ukisoma, sababu iko kwenye utunzi, au kwako.

Nasema "kwako" kwa sababu hapa watu wengi huwaumiza vijana bure. Kijana ameimba "bantu bote banajua", mtu anamwandikia kwamba si Kiswahili, aseme "watu wote wanajua". Hicho ni Kiswahili cha Lubumbashi, ndicho mama yake alichombembelezea, ndicho mtaa mzima wa Kenya unanunulia bukari (ugali). Akitaka kuimba kwa Kiswahili sanifu ili asikike Dodoma na Mombasa, ni chaguo lake na unaweza kumsaidia. Akiimba cha nyumbani, usimsahihishe. Muulize tu anamwimbia nani, kisha pima kama mtu huyo ataelewa.

Dalili: hakuna kosa, lakini wimbo unachosha

Tazama karatasi yako: sikio liliondoka dakika ya ngapi? Kama ni kabla ya 0:40, angalia utangulizi. Biti za kupakua zina mianzo mirefu na kijana huogopa kuikata. Kama ni ubeti wa pili, pengine unasema yale yale ya wa kwanza kwa maneno mengine. Kama ni mwisho, kiitikio kimerudi mara moja zaidi ya inavyohitajika.

Usiruhusu akuambie sababu ni vifaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke kule Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, gitaa moja na sauti moja, nje ya studio yoyote kubwa. Rekodi zile zilivuka Afrika na bado wapiga gitaa wanazichambua kidole kwa kidole. Ninawapigia vijana mfano huo kwa kuwa ni wa mkoa wetu, barabara ile ile wanayopita. Halafu narudi kwenye dakika ile ambapo sikio langu liliondoka, tunaikata pamoja.

Dalili kwa mwenye wimbo baada ya maoni yako

*Amenyamaza.* Hesabu ulimwambia mambo mangapi. Yakizidi mawili, sababu ni hiyo. Mwandikie tena: "Yale mengine yaache kwanza. Fanya hili moja." Kama ulikuwa umemwandikia mbele ya wenzake wote kwenye kundi, mtafute peke yake, umwombe radhi. Sifa inaweza kusemwa barazani. Kasoro ni ya faragha.

*Anajibu kila neno.* Huenda ulisema kama amri juu ya jambo la ladha. Tenganisha: "inapasuka pale 2:05" ni jambo tunaloweza kulisikia wote wawili, "ningependa gita badala ya kinanda" ni mimi. Mwambie ipi ni ipi. Huenda pia hakuomba maoni, alitaka tu mtu afurahi naye. Siku hizi nauliza mapema: "Umeniletea nikusikilize au nikurekebishe?"

*Amebadilisha kila kitu, wimbo umepoteza uhai.* Hukumwambia nini kisiguswe. Hii ni kasoro ya watoa maoni wazuri, wale wenye masikio makali, kwani wanaona kizuri kinajionyesha chenyewe. Hakijionyeshi. Yule aliyeimba saa nane za usiku, peke yake, hajui kwamba kicheko kidogo alichokiacha kabla ya ubeti wa pili ndicho kinachomfanya mtu arudie wimbo. Atakifuta kama takataka. Kwa hiyo andika na sekunde zake: "0:58, kile kicheko, kiache."

*Amerudi na kosa lile lile.* Alisikia neno lako lakini halijui kwa sikio. Mkutane, au mtumie sehemu ya sekunde tano tu, mara mbili, moja na kosa, nyingine bila. Na mnapolinganisha toleo la kwanza na la pili, hakikisha yote yana ukubwa mmoja wa sauti. Lenye sauti kubwa zaidi sikio hulipenda tu, hata kama ni bovu, na mnaweza kushangilia kitu ambacho hakijapona.

Yule binti wa Katuba alinitumia toleo la pili siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri. Nilivaa kaske zile zile, nikashusha sauti mpaka karibu na kimya. "Barabara" ilisikika. Nikamwandikia: "Ubeti wa pili nimeusikia wote. Sasa 1:47, ile b inapuliza. Una soksi?"